Aliyekwama Hufunguliwa, Hachekwi

Leo nina deni nataka kulilipa, na kwa kuwa mwenye kunidai ameshatangulia mbele ya haki, sina pa kulilipia ila ukurasani hapa.

Miaka michache iliyopita nilikwenda kuandika habari za mkutano katika kijiji kimoja cha wavuvi, kaskazini mwa Mombasa. Mkutano wenyewe ulikuwa wa kuchukua maoni ya wananchi juu ya kipande cha ardhi kilichopakana na diko, pale wavuvi waegeshapo ngalawa zao na kushusha samaki. Palikuwa na njia ya miguu iliyopita katikati ya kipande hicho mpaka ufukoni, na watu walitaka kujua kama njia hiyo itabaki au itafungwa. Usiku wa kuamkia siku hiyo, baada ya sala ya isha, niliketi barazani na mzee mmoja nahodha, umri wake umepita miaka sabini na mitano, tukinywa kahawa tungu. Akanieleza mipaka ya mahali pale pote: wapi palikuwa na mbuyu uliokatwa, wapi palichimbwa kisima, makaburi gani yako upande wa kibla, na njia ile ilipitiwa na nani kabla hajazaliwa babake. Maneno yalimtoka kama maji ya mfereji, hata sikumkatiza mara moja.

"Kesho, mwanangu, nitayasema haya yote mbele yao," akaniambia.

"Inshallah, ami yangu," nikamjibu.

Asubuhi tulikuta hema limesimamishwa, viti vya plastiki vimepangwa, na kipaza sauti kimewekwa mbele ya meza ya wakubwa. Mzee alipoitwa alikwenda na kanzu yake nyeupe na kofia ya vito, akatoa salamu, akataja jina lake na la babake na la babu yake. Kisha akasema, "Njia hii yaanzia kwenye..." akanyamaza. Kipaza sauti kikapiga mluzi. Akaanza tena, "Njia hii yaanzia kwenye..." na sauti ikamkatika pale pale. Niliuona mkono wake ukitetema. Vijana waliosimama nyuma wakacheka. Mzee akatazama chini, akarudisha kile kipaza sauti, akaketi. Aliyeshika daftari mezani akauliza, "Mwingine?"

Sasa sikilizeni deni langu. Neno lililofuata nilikuwa nalo mimi. Lilikuwa ni "mbuyu". Nilikuwa nimeketi hatua nne kutoka kwake, na lau ningalisema neno hilo moja tu, hata kwa sauti ya chini, yakini mzee yule angalilishika na kuendelea mpaka mwisho wa habari yake. Sikulisema. Baadaye nilijiambia kuwa mwandishi wa magazeti huandika ayaonayo, hajitii ndani ya jambo. Lakini nafsi yangu yajua kuwa hiyo si sababu, bali ni kisingizio. Sababu ni kwamba niliogopa macho ya watu. Mimi niliyetunga mashairi zaidi ya miaka thelathini, na kusoma mengi katika harusi na katika redio, niliogopa kusema neno moja mbele ya hema.

Tuizungumze basi hofu hii, maana wengi wetu tunayo na hakuna aitajaye.

Mimi nilikutana nayo nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Nilisoma chuoni kwa maalim mmoja hapa Mji wa Kale, na sauti yangu ilisifiwa. Ulipofika mwezi wa mfunguo sita, nikachaguliwa nisome mlango mmoja wa Barzanji katika maulidi ya mtaa. Nyumbani nilisoma mbele ya mamangu mpaka akaniambia, "Basi sasa, mwanangu, hata paka amehifadhi." Usiku wa maulidi ulipofika, uwanja ukajaa, udi ukafukizwa, mrashi ukapitishwa, na zamu yangu ikaja. Niliona herufi kitabuni lakini sikuweza kuzisoma. Moyo ulinienda mbio, kinywa kikawa kikavu kama kifuu, na magoti yakanitetema ndani ya kanzu. Nikasoma mstari mmoja, wa pili ukanipotea. Mwenzangu mmoja akacheka, na kicheko cha mtoto mmoja ni moto wa makuti, mara safu nzima ya wanachuo ikacheka. Nikaondolewa, akasomeshwa mwingine. Hakuna aliyenipiga wala kunitukana, lakini ilinichukua miaka sita kusoma tena mbele ya watu. Tena mimi nina bahati kwamba nilirudi. Mwanachuo mwenzangu aliyekuwa na sauti nzuri kunishinda alipatwa na mkasa kama wangu mwaka uliofuata. Mpaka hivi leo, naye ni babu wa wajukuu, ukimwambia asome dua katika hitima huinuka akaenda kutazama kama kahawa imeiva.

Kwetu sisi, mtu akishikwa na kitete hadharani hupewa sababu tatu. Wa kwanza atasema amepatwa na jicho. Wa pili atasema hakujua kitu, alikuwa akijisingizia ujuzi. Wa tatu, naye ndiye ajionaye mcha Mungu kuliko wote, atasema imani yake ni dhaifu, maana amemwogopa kiumbe badala ya Muumba. Kwa maoni yangu wote watatu wamekosa.

Madaktari watueleza kuwa mtu anapoona jambo lenye hatari, tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo humwaga katika damu kitu kiitwacho adrenalini. Moyo huenda mbio ili damu ifike upesi katika misuli mikubwa, pumzi huwa za haraka, mate hupungua, na vidole huwa baridi. Mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Mwili haupambanui kati ya simba aliye mbele yako na watu mia mbili wakutazamao. Kwa hivyo yule atetemaye si mjinga wala hakurogwa. Mwili wake unafanya kazi ulioumbiwa, ila umeifanya mahali pasipohitaji mbio. Na ndio maana mzee aliyeyajua yote usiku barazani aliyakosa asubuhi hemani. Elimu yake ilikuwa pale pale, ila mlango ulikuwa umefungwa.

Ama huyo asemaye kuwa ni udhaifu wa imani, namwomba arejee Surat Taha. Nabii Musa, amani iwe juu yake, alipoamrishwa aende kwa Firauni, hakusema kuwa yeye hana hofu. Alimwomba Mola wake amkunjulie kifua, amsahilishie kazi yake, na alifungue fundo lililo katika ulimi wake ili watu wafahamu asemayo. Kisha akaomba tena apewe ndugu yake Harun awe msaidizi wake, na katika Surat Al-Qasas sababu yake imetajwa wazi, kwamba Harun alikuwa na ulimi fasaha kumshinda yeye. Watoto wetu wote huifundishwa dua hii chuoni, na wengi huisoma kabla ya mtihani. Lakini twaisoma mbio mbio, hatuoni kuwa mtume aliyesema na Mola wake aliukiri uzito wa ulimi wake na akaomba mtu wa kusimama naye. Wala hakukemewa kwa hilo, alipewa alichoomba. Ikiwa Musa alihitaji Harun, sembuse mvuvi wa ngalawa mbele ya kipaza sauti?

Wanavyuoni wetu wa kale waliijua hali hii na wakaipa jina. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 869, anakianza kitabu chake mashuhuri juu ya ufasaha, Al-Bayan wa al-Tabyin, kwa kumwomba Mungu amkinge na maneno mengi yasiyo na maana, na vile vile amkinge na kule kufungwa ulimi mtu akashindwa kusema. Mtu aliyekuwa bahari ya maneno aliuombea kinga ulimi kukwama! Katika kitabu hicho hicho mna habari za Wasil bin Ata, aliyekufa mwaka 748 au karibu na hapo. Madhehebu yake si yetu, lakini kisa chake kina faida. Mtu huyo hakuweza kuitamka vyema herufi ya ra, naye alikuwa mtu wa kuhutubu na kujadili. Akazoea kuteua maneno yasiyo na herufi hiyo, hata akatoa hotuba nzima mbele ya gavana wa Iraki pasi na kuitumia. Ajuaye Kiarabu atajua ugumu wa jambo hilo. Wasil hakungoja aibu iondoke ndipo aseme. Aliijua kasoro yake akaizungushia njia.

Na tumtazame khatibu wetu wa Ijumaa. Katika fikihi ya madhehebu yetu ya Shafi, ni sunna ashike fimbo kwa mkono wa kushoto, na wa kulia auweke juu ya mimbari, na wanavyuoni wameeleza kuwa mikono ikishughulishwa hivyo haichezi ovyo na utulivu hupatikana. Tena nguzo za hotuba zajulikana: kumhimidi Mungu, kumsalia Mtume, kuusia ucha Mungu, kusoma aya, na katika hotuba ya pili kuwaombea waumini. Baina ya hotuba mbili huketi kidogo. Sisemi kuwa mambo haya yamewekwa kwa ajili ya waoga, la hasha, ibada ni ibada. Nasema tu kuwa asimamaye pale hakuachwa mtupu. Ana cha kushika, ana mwanzo aujuao, na ana pa kupumzikia.

Lakini funzo kubwa zaidi liko katika sala yenyewe, na hilo ndilo linichomalo kila nikikumbuka siku ile ya hemani. Imamu akisoma kisha akakwama, akasita katika aya, walio nyuma yake hufanyaje? Hawacheki. Hawamwambii aondoke. Wala hawamwahi akiwa bado airudia aya na kuitafuta. Humngoja, na akinyamaza kabisa, ajuaye kati yao humsomea lile neno lililompotea, naye hulipokea akaendelea. Wanavyuoni huita jambo hilo kumfungulia imamu. Hakuna imamu aliyepata kuvunjiwa heshima kwa kufunguliwa, na hakuna maamuma aliyejitapa kwa kufungua. Kisha tukitoka msikitini tukivaa viatu, adabu ile twaiacha mlangoni. Mtoto akikwama katika maulidi, twacheka. Bwana arusi akibabaika katika kukubali nikahi, twacheka na hadithi yake twaipeleka mitaa mitatu. Mzee akikwama katika mkutano, twauliza, "Mwingine?"

Najua kuna watakaonijibu. Watasema, "Sisi nasi tulichekwa, na hatukufa. Kicheko ndicho kilichotukomaza. Na Waswahili ni watu wa malumbano tangu zamani, asiyeweza kustahimili dhihaka na akae kwao." Jibu langu ni hili. Wewe usemaye hivyo ni katika waliosalimika, ndipo tukasikia sauti yako. Walionyamazishwa hawawezi kuja kukujibu, maana wamenyamaza. Umewahesabu mabaharia waliofika bandarini tu, ukasema bahari haina madhara. Ama malumbano, hayo mimi nayapenda na nimeyacheza. Lakini mshairi katika malumbano hupigwa kwa neno alilolisema, naye hujibu kwa neno. Hapigwi kwa ulimi wake kukwama. Na wala tusisahau kuwa utajiri wetu wenyewe umefika kwetu kwa kufunguliana. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kati ya 1776 na 1840, mashairi yake yalikaa vinywani na katika kumbukumbu za watu miaka mingi baada ya kufa kwake, mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah akamsaidia Mwingereza Taylor kuyakusanya, na diwani ikachapishwa mwaka 1940. Lau kila aliyesahau ubeti mmoja angalichekwa akanyamaza, leo tungalikuwa na nini cha Muyaka?

Mwingine atasema kuwa haya ni pambo, na mtu mwenye haya hasemi ovyo mbele ya watu. Kweli, tumefundishwa kuwa haya ni tawi katika matawi ya imani. Lakini haya ni kujizuia na baya ulijualo. Kulizuia neno la haki kwa kuogopa macho ya watu si haya, ni woga uliovaa kilemba cha haya. Na hapa binti zetu ndio tuwaoneao zaidi. Twawaambia tangu utotoni wanyamaze, kisha siku ya usaili wa kazi twashangaa mbona wenziwao kutoka bara wajibu kwa sauti wao wainamisha vichwa.

Wala msidhani nazungumza mambo ya harusi na kasida tu. Katiba ya mwaka 2010 imeutaja ushiriki wa wananchi kuwa ni katika maadili ya taifa, na tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, mambo mengi yatuhusuyo, ya ardhi, ya bajeti, ya uvuvi, hupitishiwa katika mikutano ya maoni. Katiba hiyo hiyo imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, kwa hivyo hakuna aliye na haki ya kukuambia huwezi kutoa maoni kwa lugha ya mamako. Kila tarehe 7 Julai twaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani na kujisifu kuwa sisi ndio wenye lugha. Yafaa nini kuwa mwenye lugha ikiwa pale inapotakiwa kulinda kaburi la babu yako, wewe umenyamaza na mgeni ndiye asemaye?

Ni nini basi dawa? Mimi si tabibu, nitasema niliyoyajaribu. La kwanza, usingoje hofu iishe. Mimi ningali natetema mpaka leo kabla ya kusoma, ila nimejua kuwa baada ya beti mbili tatu hupungua yenyewe. La pili, uhifadhi mwanzo wako na mwisho wako kama uhifadhivyo Alhamdu, na katikati ujue mambo unayotaka kuyasema, si neno kwa neno, maana aliyehifadhi neno kwa neno likimpotea moja yamempotea yote. La tatu, kabla hujafungua kinywa toa pumzi polepole, ndefu kuliko uliyoivuta, mara tatu au nne. Moyo utapunguza mbio. La nne, shika kitu, hata karatasi iliyokunjwa, na mtafute usoni mwa watu mmoja akupendaye umsomee yeye. La tano, jizoeze mbele ya wachache kabla ya wengi. Mwanzo kokochi mwisho nazi.

Na yako ya kuepukwa. Nimewaona vijana wanaotafuta ujasiri katika miraa na muguka. Hivyo huuzidisha moyo mbio ambazo tayari unazo, na ulimi ukawa mwepesi kuliko akili. Na wahenga wamesema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wengine wamesikia kuwa wanamuziki wa Ulaya hunywa vidonge vya kutuliza moyo kabla ya kupanda jukwaani. Vipo, lakini ni dawa ya daktari, na mwenye pumu vyaweza kumdhuru vibaya. Usipewe na rafiki.

Lakini dawa hizi zote ni za msemaji, nami leo kesi yangu ni ya wasikilizaji. Nawaomba walimu wa vyuo, kabla ya kumfundisha mtoto kusoma mbele ya watu, wawafundishe thelathini waliobaki namna ya kumsikiliza. Mtoto akikwama, aliye karibu amfungulie. Akirudia, angojwe. Na wanaoendesha mikutano, mzee akinyamaza, mpeni kiti, mpeni maji, mpeni mtu wake asimame ubavuni pake kama Harun, kisha mwambieni, "Mzee wetu, ulikuwa kwenye njia, endelea." Hayo hayahitaji bajeti.

Baada ya mkutano ule nilikwenda kwa mzee, nikamwambia kosa langu. Alinisamehe kabla sijamaliza. Akasema, "Mwanangu, bahari nimeikabili toka utotoni na haikunitetemesha. Lakini bahari haicheki." Kisha, pale pale barazani, akayaeleza tena yote, tangu mbuyu mpaka kisima, bila ya kukosa hata moja. Nikayaandika, nikayapeleka afisini, nikaambiwa muda wa maoni umekwisha na kwamba hakuna mkaazi aliyepinga. Leo njia ile ina ukuta. Wavuvi huzunguka mbali na samaki wao vichwani, na mzee amelala upande wa kibla pamoja na wale aliokuwa akiyajua makaburi yao.

Nimalizie kwa ubeti mmoja, nimtunzie yeye:

Asimamapo kusema, ulimi ukafifia,
Mpeni neno la wema, na moyo kumtilia,
Hadhira ikiwa njema, msemaji hutulia,
Mwenzenu akishakwama, haki kumfungulia.